Zebaki kwenye kiota cha popo? Jamani, popo hana hata kiota

Simu ya tatu wiki hii. "Shikamoo Dokta, nipo huku Chamwino, darini kuna popo, tumeambiwa kiota chao kina zebaki nyekundu, hatujui utatupatia mteja?" Aisee nimechoka.

Popo wa darini kwako hajengi kiota. Ananing'inia kichwa chini kwenye mbao, kilichopo chini yake ni mavi, basi. Yule mnyonya damu wa kwenye video za WhatsApp anaishi Amerika huko, Mexico kushuka kusini, hapa hayupo. Na zebaki nyekundu ni utapeli uleule uliowafanya watu Saudia mwaka 2009 wagombanie cherehani kuukuu za Singer, wakiamini zimo ndani yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba zebaki kwenye popo ipo kweli, ila siyo ya kuchota na kijiko. Mchimbaji akichoma dhahabu aliyoinasa kwa zebaki, mvuke wake unapanda, unakuja kushuka na mvua, ya kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu) nayo inasombwa mpaka bwawani, na kwenye tope lisilo na hewa bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, ile yenye sumu inayoingia mwilini kirahisi, wadudu wanakulia humohumo, wakiota mabawa tu popo anawasubiri juu ya maji, usiku hadi usiku, miaka. Wale popo wanaokula maembe hawana neno sana.

Kuipima, mimi namkata popo kinyoya mgongoni, cha kushika kwa ncha za vidole, namwachia aende. Maabara wakirudisha miligramu 10 za zebaki kwa kilo ya manyoya tunaanza kuhofia ubongo wake. Ila hiyo 10, na hapa kwenye ripoti huwa tunapita mbiombio, imeazimwa kwenye tafiti za panya, halafu unywele unasimulia zebaki ya kipindi ulipoota, siyo ya jana. Nikipewa popo mwenye 12 anayeruka vizuri tu, ni mgonjwa au mzima? Nakuna kichwa.

Haya, hesabu. Popo wa gramu 10, tujifanye mwili mzima una kiwango hicho cha 10 kwa kilo, anabeba miligramu 0.1. Gramu moja ya zebaki ni popo 10,000.

Hatari ya zebaki kwako iko kwenye kikaango unachochomea dhahabu jikoni mtoto akiwa mgongoni. Popo wa darini akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha wahi chanjo ya kichaa cha mbwa.

Jamaa wa Chamwino nilimweleza yote haya, akakaa kimya, nikajua kaelewa. "Sasa Dokta, hao elfu kumi si wapo hapa kwenye paa la shule?"