Siku Kumi za Maamuzi: Trenton na Princeton, 1776–1777

Siku Kumi za Maamuzi ni jina ambalo wanahistoria hukiita kipindi cha kuanzia tarehe 25 Desemba 1776 hadi tarehe 3 Januari 1777, katika vita vya Wamarekani vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza. Ndani ya siku hizo jeshi la George Washington, lililokuwa limepigwa na kukimbizwa kwa miezi minne, lilishinda Trenton, likamzuia adui aliyerudi kulipiza kisasi, kisha likashinda tena Princeton, yote ikiwa miji ya New Jersey. Yalikuwa mapigano madogo, lakini ndiyo yaliyolirudishia jeshi hilo ari iliyokuwa imekwisha kabisa.

Hali ilikuwa mbaya kweli. Agosti walishindwa Long Island, wakaupoteza mji wa New York. Tarehe 16 Novemba ngome ya Fort Washington ikaanguka na askari wapatao 2,800 wakatekwa. Siku nne baadaye wakaikimbia Fort Lee, wakaacha nyuma mahema, mizinga na chakula. Wakarudi nyuma New Jersey yote, na mapema Desemba wakavuka mto Delaware kuingia Pennsylvania, huku wakikusanya kila mashua waliyoikuta ukingoni ili Waingereza wasipate cha kuvukia. Bunge la makoloni likahama Philadelphia likaenda Baltimore. Wakazi wengi wa New Jersey, walipoona mambo yanavyokwenda, wakala kiapo cha utii kwa mfalme. Washington mwenyewe alimwandikia ndugu yake kwamba lisipopatikana jeshi jipya upesi, mchezo unakaribia kwisha.

Kulikuwa na jambo jingine zito kuliko baridi na njaa, nalo ni kalenda. Askari wengi walijiandikisha kwa mwaka mmoja tu, na mikataba yao ilikuwa inaisha tarehe 31 Desemba. Hawa si watoro. Siku hiyo ikipita, kila mmoja alikuwa na haki kamili ya kushika njia ya kwao, na mwaka mpya ungemkuta Washington na watu wachache mno.

Ndipo akaamua kushambulia. Usiku wa Krismasi watu 2,400, farasi, na mizinga 18 walivushwa Delaware katikati ya vipande vya barafu, kwa mashua nzito zilizozoea kubeba chuma. Makasia yalishikwa na mabaharia na wavuvi wa Marblehead, Massachusetts, chini ya kanali wao John Glover. Upepo ulivuma, ikanyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Vikosi vingine viwili vilivyotakiwa kuvuka kwingine vilishindwa na barafu. Kazi iliyopangwa kumalizika saa sita usiku ilikwisha kama saa tisa usiku, na bado kulikuwa na mwendo wa kilomita 14 hivi. Wako waliotembea miguu imefungwa matambara. Wawili walikufa kwa baridi njiani. Jenerali Sullivan alipotuma ujumbe kwamba bunduki zimelowa na hazitalia, Washington alijibu watumie singe.

Trenton ilikuwa inalindwa na Wajerumani wa Hesse wapatao 1,500, askari ambao mtawala wao aliwakodisha kwa mfalme wa Uingereza. Imesemwa mara nyingi kwamba walikuwa wamelewa sikukuu. Hilo si kweli, na linawadhulumu pande zote mbili. Walikuwa wamechoka, kwa sababu wanamgambo wa vijijini waliwashambulia siku baada ya siku hata wakalala na sare zao, na dhoruba ile iliwafanya waamini kwamba hakuna mtu angetoka nje. Shambulio lilianza saa mbili asubuhi. Kamanda wao, Johann Rall, alipigwa risasi akafa kwa majeraha, 22 miongoni mwa watu wake waliuawa, na karibu 900 wakatekwa. Upande wa Washington walijeruhiwa wachache, mmoja wao luteni kijana James Monroe, aliyekuja kuwa rais wa tano wa Marekani.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, tukio kubwa la siku hizo halikuwa na risasi. Mwisho wa Desemba, mikataba ikiwa inaisha, Washington alisimama mbele ya askari wake akawaomba wabaki wiki sita zaidi, kwa malipo ya dola 10 kila mmoja. Kwa kumbukumbu ya sajenti aliyekuwepo, ngoma zilipigwa kuwaita watakaobaki wasonge mbele, na hakuna aliyesogea. Washington akageuza farasi, akarudi kuzungumza nao tena kwa upole: wamekwisha kufanya zaidi ya walivyoombwa, lakini nchi ndiyo hii, na wake zao na nyumba zao ndizo zilizo hatarini. Ngoma zikapigwa mara ya pili. Wakaangaliana. Wachache wakapiga hatua, halafu karibu wote waliokuwa na afya ya kupigana. Watu wale walikuwa na haki ya kwenda nyumbani, wakabaki. Hii ndiyo ari inayozungumzwa katika habari za Trenton, na bila ushindi wa siku chache kabla sidhani kama ngoma ile ya pili ingemsogeza mtu.

Tarehe 2 Januari Jenerali Cornwallis wa Uingereza alifika Trenton na maelfu ya askari. Jioni hiyo walijaribu kuvuka daraja la kijito cha Assunpink, ambako Washington alikuwa amejipanga ng'ambo, wakarudishwa mara kadhaa, na Cornwallis akaona amalizie kazi asubuhi. Usiku ardhi iliyokuwa tope ikaganda, ikabeba mizinga. Wamarekani wakaviringisha vitambaa kwenye magurudumu yasitoe sauti, wakaacha watu wachache wachochee mioto ili kambi ionekane ina watu, wakazunguka kwa njia za nyuma. Kulipopambazuka walikuwa karibu na Princeton. Mapambano yalianza vibaya, na Jenerali Hugh Mercer akachomwa singe zilizomletea kifo, mpaka Washington alipofika akiwa juu ya farasi, karibu kabisa na mstari wa adui, akawapanga upya watu wake. Waingereza wakavunjika.

Baada ya hapo Waingereza waliziacha kambi zao nyingi za New Jersey, wakabaki na maeneo machache karibu na New York. Washington alipanda vilima vya Morristown kupitisha baridi. Wiki sita zilipokwisha wengi waliondoka, na jeshi likapungua tena. Lakini kufikia Mei wakawa wameingia maelfu ya askari wapya, na wengi wao hawakusaini mwaka mmoja. Walisaini miaka mitatu, au mpaka vita viishe.