Watu wa bondeni si wabishi

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na msomi kabisa: "Wale wa Jangwani kila masika wanatangaziwa mafuriko, hawasikii." Nimechoka. Nimepima mafuriko mtaa kwa mtaa, Jangwani na kwingine katika bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, miaka kadhaa sasa. Wanasikia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo: mvua kubwa, Dar es Salaam na Pwani. Kazi yao ndiyo hiyo. Lakini mama wa Hananasif, mtaa wa bondeni, anataka kujua maji yatafika mlangoni kwake saa ngapi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Mvua ikipiga sana huko juu, bondeni maji yanapanda kwa saa chache tu, hata kama kwako ni manyunyu. Ukikaa Magomeni ukitazama mawingu ya Magomeni, umechelewa.

Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya mafuriko, ulipoanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaro na nyumba za Dar wenyewe. Watu wakasifia droni zilizopiga picha kutoka juu. Droni haikuambii mtaro upi umeziba chini ya kalavati; mjumbe wa shina anakuambia.

Kazi ngumu ni kuuliza maji yalifika wapi. Unaonyeshwa kwa mwili: goti, kiuno, kifua. Kiuno cha nani? Ndiyo maana natembea na futi kamba, natafuta alama ya tope ukutani. Na bado kuna namba nisizoziamini. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishiwa Mabwepande, mbali na bonde. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zikapigwa X nyekundu, zikaanza kubomolewa. Ukitokea na daftari, mtu anajiuliza umekuja kupima maji au kuleta bomoabomoa. Anakuambia goti mahali palipofika kifua. Simlaumu hata kidogo. Naandika, naweka alama ya kuuliza pembeni, na siwezi kumwahidi kwamba ramani yangu haitatumika kumtoa.

Mama mmoja Hananasif amechora mistari mitatu ya mkaa kwenye ukuta wa choo, upande wa mto. Wa kwanza, godoro juu. Wa pili, watoto kwa bibi yao. Wa tatu, anabeba mfuko wa vyeti na kutoka, na majirani wakimwona ametoka nao wanatoka. Ila mara nyingi anaanza kufungasha kabla mstari wowote haujalowa, maana ana shemeji yake Kinyerezi, huko juu mtoni, anayempigia: "Shemeji, huku mto umeshajaa."