Uchovu haungoji likizo

Utamsikia mtu akisema, "Acha nimalize mwaka, nitapumzika nikienda likizo." Anauchukulia uchovu kama deni la kulipwa kwa mkupuo mmoja. Likizo ni haki, na sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28, lakini nguvu anazorudi nazo kwa kawaida huyeyuka ndani ya wiki chache. Hazihifadhiki.

Mwaka 2022 watafiti wa Romania walikusanya tafiti 22 kuhusu mapumziko yasiyozidi dakika 10. Yalionekana kuongeza uchangamfu na kupunguza uchovu. Ila kwa kazi nzito ya kufikiri, dakika hizo hazikutosha kuinua ufanisi. Sheria hiyohiyo ya kazi inataka anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe angalau dakika 60, nasi wengi tunakula huku tunajibu barua pepe!

Mtazame fundi cherehani aliyeinamia pindo tangu asubuhi. Akisimama mlangoni na kutazama paa la mbali, misuli ya jicho inayokaza ili kuona karibu inalegea. Shingo inanyooka, damu ya miguuni inatembea. Akitoa simu na kuinamia video, macho yanabaki yakitazama karibu, na shingo inabaki palepale: kabadilisha kazi tu, hajapumzika. Chai ya tangawizi na soga za jirani zitamfaa zaidi, hata kama mteja wa sare za shule amesimama pale kanuna.