Nebbiolo: zabibu inayohukumiwa kwa rangi yake

Anayemiminiwa mvinyo wa Nebbiolo kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani umezimuliwa kwa maji, kwa kuwa wekundu wake ni hafifu, hupitisha mwanga, na kadiri miaka inavyopita huelekea kwenye rangi ya tofali. Dhana kwamba rangi nyepesi ni dalili ya mvinyo dhaifu ndiyo iliyoenea kuliko zote kuhusu zabibu hii kongwe ya Italia, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Ganda la Nebbiolo ni jembamba, na sehemu kubwa ya rangi yake ni ya aina isiyodumu. Lakini tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, imejaa tele katika ganda hilo na katika kokwa. Ukipiga funda moja la mvinyo mchanga, ulimi na ufizi hukauka na kukazana kama vile umekula bibo, na uchachu hufuata papo hapo.

Wengi pia huitaja Barolo kana kwamba ni aina ya zabibu. Barolo ni kijiji katika vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, mkoani Piemonte. Mvinyo unaobeba jina hilo ni wa Nebbiolo tupu, na kisheria hauuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, ambayo 18 kati yake lazima iwe ndani ya mapipa ya mbao. Kutokana na sharti hilo watu hukisia kwamba Nebbiolo hainyweki mpaka izeeke, ilhali ule unaouzwa kwa jina la Langhe Nebbiolo kwa kawaida hutengenezwa unywewe ukiwa bado mchanga. Kule Valtellina, bonde lililoko kaskazini mwa Italia, zabibu hiyohiyo huitwa Chiavennasca, na sehemu ya mavuno hukaushwa kwanza ndipo ikakamuliwe kuwa Sforzato, mvinyo mzito wenye kileo kingi.

Kuhusu jina, maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba limetokana na “nebbia”, ukungu unaotanda vilimani wakati wa mavuno ya Oktoba. Huenda ni kweli, ila si jambo lililothibitishwa, kwani wapo wanaolihusisha na nta nyeupe inayolifunika tunda likiiva. Hapa Kiswahili chaweza kutupotosha, maana ukungu kwetu ni hali ya hewa na pia ni ugonjwa wa mimea. Nta hiyo si ugonjwa: ukiipangusa kwa kidole, tunda hung’aa. Lisilo na shaka ni ukongwe wa zao lenyewe, ambalo kumbukumbu za Rivoli, karibu na Torino, zinalitaja tangu karne ya 13.

Si kweli, tena, kwamba kazi ya Nebbiolo huishia kwenye bilauri. Wapishi wa Piemonte huloweka nyama ya ng’ombe ndani ya Barolo, kisha wakaipika humo polepole kwa saa kadhaa. Ipo pia Barolo Chinato, ambayo ni mvinyo uliotiwa magome ya mkwinini, viungo na sukari, na ambao ulianza katika karne ya 19 kama dawa ya tumbo. Siku hizi hunywewa baada ya mlo, mara nyingi pamoja na chokoleti. Kwinini iliyomo ni ya kuleta uchungu tu, wala haitibu malaria.