Usaili wa uhadhiri: swali linalowakwamisha wengi

Nimekaa kwenye jopo la usaili wa wahadhiri mara nyingi, na bado naumia nikiona mtu mwenye tasnifu nzuri anakwama kwenye swali jepesi kuliko yote: "Ukianza kazi, utatufundishia kozi zipi?"

Wengi hujiandaa kueleza utafiti wao tu. Huo tumeshausoma kwenye wasifu wako, ndiyo maana tumekuita. Tunachotafuta ni mwenzetu wa kubeba naye kazi ya idara. Kwa hiyo tafuta orodha ya kozi, uipitie moja moja. Itazame hasa ile ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi wengi, ambayo walimu huikwepa. Sema uko tayari kuifundisha, kisha eleza wiki ya kwanza utaanzaje. Baada ya hapo ndipo utaje kozi ya hiari unayotamani kuianzisha.

Namkumbuka dada mmoja aliyekuja na muhtasari wa kozi yetu ya takwimu, ameuchapa, pembeni umejaa maandishi ya penseli. Akatuuliza kwa upole kwa nini mada ya uwezekano inafuata baada ya kupima nadharia tete, wakati kupima nadharia tete kunategemea uwezekano. Mwenyekiti alinyoosha mkono akauomba ule muhtasari. Tuliujadili naye pale pale, na nadhani sote tulisahau kwamba yuko kwenye usaili.

Mhadhara wa majaribio nao una mtego wake. Mara nyingi kwenye jopo kuna mtu wa kitivo kingine, asiyejua istilahi zako. Ukipewa dakika 20, andaa za 15. Anza na swali, fanya mfano mmoja hadi mwisho, ubaoni ikibidi, maana projekta hugoma. Anayekimbiza slaidi 40 anatuonyesha jinsi atakavyowatenda wanafunzi. Fanya mazoezi kwa sauti mbele ya mtu wa fani nyingine, umwombe akukatize.

Kuhusu utafiti, "nitaendeleza tasnifu yangu" halitoshi. Taja makala inayofuata, fedha utaziomba wapi, na kipande gani unaweza kumkabidhi mwanafunzi wa uzamili.

Ukiulizwa kama una swali, usiseme huna. Uliza mzigo wa kufundisha ni saa ngapi kwa wiki, na mhadhiri mpya hupewa nani wa kumwongoza mwaka wa kwanza.