Kuishi kwa usaidizi: ni nini, na ubora wake huonekana wapi

Kuishi kwa usaidizi ni utaratibu unaotumika sana Uingereza. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili hupanga nyumba au chumba kwa jina lake mwenyewe, kisha huletewa wahudumu wa kumsaidia katika yale yanayomshinda peke yake: kuoga, kupika, kumeza dawa kwa wakati, kupanga matumizi ya fedha, kupanda basi. Wapo wanaohitaji saa chache tu kwa wiki, na wapo wanaokaa na mhudumu usiku na mchana. Kwa kawaida kodi ya nyumba hulipwa kwa ruzuku ya serikali, na huduma hulipiwa na halmashauri baada ya tathmini ya mahitaji ambayo kwa England hufanywa kwa mujibu wa Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014.

Tofauti yake na nyumba ya matunzo iko kwenye mikataba. Katika nyumba ya matunzo, chumba na mhudumu huja pamoja. Ukikosana na shirika, unafungasha. Hapa mkataba wa upangaji ni mmoja na wa huduma ni mwingine, hivyo unaweza kumfukuza mtoa huduma ukabaki kwako. Angalau kwenye karatasi. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: mpangaji huyu akisema hataki tena shirika hili, kesho atalala wapi? Jibu likiwa "itabidi ahame", hiyo ni nyumba ya matunzo iliyobadilishwa kibao cha mlangoni, hata kama mapazia ni mapya na sakafu inang'aa.

Utaratibu huu ulitokana na machungu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, watu wenye ulemavu wa akili waliwekwa kwenye mahospitali makubwa, wengi wao maisha yao yote. Ripoti ya mwaka 1969 kuhusu Hospitali ya Ely, Cardiff, ilianika jinsi walivyotendewa, na miaka miwili baadaye serikali ikatangaza sera ya kuwahamishia kwenye jamii. Hata hivyo, mwaka 2011 kamera ya siri ya kipindi cha Panorama cha BBC iliwaonyesha wahudumu wa Winterbourne View, hospitali ya binafsi karibu na Bristol, wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa. Wafanyakazi 11 walihukumiwa mwaka uliofuata, sita kati yao wakaenda jela. Kila mgonjwa pale alikuwa akilipiwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki, na hospitali ilikuwa imesajiliwa kihalali. Fedha zilikuwepo, leseni ilikuwepo.

Kwa upande wa England, mkaguzi ni Tume ya Ubora wa Matunzo, CQC. Huuliza kama huduma ni salama, ina matokeo, ina utu, inasikiliza mahitaji ya mtu na inaongozwa vizuri, kisha hutoa daraja moja kati ya manne. Lakini hukagua huduma ya mwili tu, kama kuoga na kuvaa. Nyumba yenyewe haimo katika mamlaka yake. Shirika linalosaidia kulipa bili na kwenda sokoni tu halilazimiki hata kusajiliwa kwake. Kwa hiyo daraja zuri ni habari njema, ila ndugu asiishie hapo.

Mengi huonekana ukikaa sebuleni saa moja. Je, ukutani kuna picha za mwenye nyumba au ratiba ya zamu? Mhudumu hupiga hodi, au huingia kama anaingia ofisini? Mtu hulala saa tatu kwa sababu ana usingizi, au kwa sababu zamu inabadilishwa saa nne? Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inataka kila mtu mzima achukuliwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na uamuzi usio wa busara pekee hauthibitishi kwamba hawezi. Kufuli kwenye friji, basi, lazima iwe na maelezo ya kisheria. Vivyo hivyo mtu anayesimamiwa muda wote na asiyeruhusiwa kuondoka: akiwa hana uwezo wa kulikubali hilo mwenyewe, kibali hutafutwa katika Mahakama ya Ulinzi, ile inayoamua mambo ya watu wasioweza kujiamulia. Katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2014, Jaji Hale aliandika kuwa kizimba cha dhahabu bado ni kizimba.

Kuna kipimo kingine ambacho kinatugusa sisi tuliotoka Afrika Mashariki, maana wenzetu wengi wanafanya kazi hii. Kwetu mtu wa namna hii hulelewa na mama au dada, na kumfanyia kila kitu ndiyo huruma yenyewe. Huku, mhudumu mzuri humwacha akatekate vitunguu polepole, yeye akae karibu, hata kama chakula kitachelewa. Nimeona wenye moyo mwema kabisa wakishindwa hapo, na wavivu wakijificha hapohapo: "namwachia ajitegemee," huku simu iko mkononi.

Afya nayo isisahaulike. Tangu mwaka 2016 huduma ya afya ya England imekuwa na kampeni dhidi ya kuwatuliza watu hawa kwa dawa za magonjwa ya akili wasiyo nayo. Kuanzia umri wa miaka 14 wana haki ya kupimwa afya kila mwaka kwa daktari wao. Uliza mara ya mwisho ilikuwa lini, na nani aliwasindikiza.

Mambo yakiharibika, malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma au halmashauri, kisha kwa msuluhishi wa umma wa serikali za mitaa na matunzo. CQC haiamui shauri la mtu mmoja mmoja, lakini hupokea taarifa, nazo huweza kuleta ukaguzi. Penye dalili za kuteswa usisubiri hatua hizo: piga simu kitengo cha ulinzi wa watu wazima cha halmashauri, au polisi.