Kimeng'enya hakimaliziki kikishafanya kazi mara moja

Huku Moshi nimeshasikia sana, kwa wanafunzi na hata kwa watu wanaotengeneza jibini, kwamba kimeng'enya (enzaimu, protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kama ile ya kugandisha maziwa) kikishafanya kazi mara moja basi kimeisha, kama njiti ya kiberiti, ukitaka tena weka kipya. Na inaeleweka kabisa, maana ukishakitia kwenye maziwa hukioni tena.

Ila chenyewe hakiliwi na kazi, kinabadilisha kitu kimoja, kinaachia, kinashika kingine. Shida ni kwamba kimeyeyukia humo, kukitoa ni gharama, na joto likizidi linakiharibu umbo. Ndo maana viwandani wanakifunga mahali, mfano wanakichanganya na alginati, ule ute wa mwani, wanadondosha tone tone kwenye maji ya kalsiamu kloraidi (aina ya chumvi), zinatokea gololi ndogo laini na kimeng'enya kiko ndani. Kimiminika kinapita, gololi zinabaki, kesho zinatumika tena. Mara nyingi kinavumilia zaidi pia, japo kasi inaweza kupungua na siyo cha milele.

Cheki mwenyewe, hii naipenda sana: kata kiazi kibichi cha sokoni Kiboriloni vipande, vioshe, mimina haidrojeni peroksaidi asilimia 3 ya duka la dawa. Povu linapanda, hiyo ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho katalesi, kilichonaswa humo humo kwenye kiazi. Mwaga, weka peroksaidi mpya kwenye vipande vilevile, povu tena! Kisha jaribu kiazi kilichochemshwa kikapoa, kimya. Usionje, na vipande vyote vitupe.